Je, Wajua Kwa Nini Nyongeza ya Mshahara Haimalizi Manung'uniko Kazini?

Mwezi wa kwanza baada ya nyongeza, mtu huingia kazini akipiga mluzi. Ukifika mwezi wa tatu mluzi hausikiki tena, na nusu mwaka haijaisha utamkuta palepale alipokuwa: jicho kwenye saa, anategea, bosi akigeuka tu anamsengenya. Mshahara haujashuka, kazi ni ileile. Ile furaha imekwenda wapi?

Jibu lililowashtua waajiri wengi lilitoka kwa mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg. Yeye na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh na viunga vyake, wakachapisha walichokipata mwaka 1959. Waliwaambia: tusimulie wakati ulipoifurahia kazi yako kuliko kawaida, kisha tusimulie wakati ulipoichukia. Ungedhani majibu yangetazamana, huyu kafurahi kwa kulipwa vizuri, yule kanuna kwa kulipwa vibaya. Wapi! Waliosimulia siku njema mara nyingi walizungumzia kazi yenyewe: kufaulu jambo gumu, kutambuliwa, kukabidhiwa jukumu. Wakifika kwenye siku mbaya, hadithi ilihamia kwenye yale yanayoizunguka kazi: taratibu za kampuni, msimamizi, malipo, hali ya mahali pa kazi.

Herzberg akahitimisha kwamba kinyume cha kuichukia kazi si kuipenda. Ni kutoichukia, basi. Yale yanayoizunguka kazi aliyaita mambo ya usafi, kwa maana ya kitabibu. Maji machafu yatakuuguza, lakini hakuna aliyewahi kujenga misuli kwa kunywa maji safi.

Alikosolewa, na kwa haki. Binadamu mambo yakimnyookea hujisifu, yakiharibika humtafuta wa kulaumu, kwa hiyo si ajabu siku nzuri ikawa ya "mimi" na siku mbaya ikawa ya "bosi". Mimi pia naona aliutenga mshahara kwa ukali mno. Pesa ina nguvu yake, na ushahidi upo kwenye kiwanda cha Henry Ford. Mwaka 1913 watu walikuwa wakiacha kazi pale kwa kasi ya kutisha: ili kubaki na wafanyakazi wapatao 14,000, kampuni ililazimika kuajiri zaidi ya 50,000 ndani ya mwaka mmoja. Kukaa kutwa nzima mbele ya mkanda unaopitisha magari, ukirudia kitendo kimoja tangu asubuhi hadi jioni, kuliwashinda. Januari 1914 Ford akatangaza dola 5 kwa siku, takribani mara mbili ya malipo ya kawaida, na saa za kazi zikashuka kutoka 9 hadi 8. Wimbi la kuacha kazi likatulia. Lakini mkanda haukubadilika. Pesa ilinunua uvumilivu, na hapo ndipo nadhani Herzberg aligusa ukweli.

Kuna jambo jingine kuhusu mshahara: hatuusomi peke yake. Tunausoma kwa kuuweka kando ya wa mwenzetu. Wachumi wakiongozwa na David Card waliligundua hilo kwa wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha California, ambao mishahara yao ilikuwa imewekwa wazi kwenye tovuti ya gazeti. Waliwachagua baadhi kwa bahati nasibu, wakawajulisha kwamba tovuti hiyo ipo, kisha wakawauliza wanajisikiaje kazini. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012, waliogundua kuwa wako chini ya wenzao wa idara na kazi kama yao kuridhika kwao kulipungua na wakaanza kufikiria kutafuta kwingine. Waliokuwa juu ya wenzao je? Furaha yao haikuongezeka. Senti haikupungua mfukoni mwa yeyote, ila kinyongo kilizaliwa upande mmoja bila upande wa pili kupata cha kufidia.

Tena hata kunyang'anywa pesa kunategemea umenyang'anywaje. Mtafiti Jerald Greenberg alifuatilia viwanda vitatu vya kampuni moja ya Marekani, viwili kati yake vikikatwa mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki 10 baada ya kampuni kupoteza mikataba. Kiwanda kimoja kilifafanuliwa kwa kina: sababu, hesabu, maswali yakajibiwa, na majuto yakaonekana kuwa ya kweli. Kingine kilipewa taarifa fupi, mambo yakaishia hapo. Kwa matokeo aliyoyachapisha mwaka 1990, wizi wa mali ya kampuni uliongezeka viwanda vyote viwili vilivyokatwa, lakini pale walipopewa taarifa ya juu juu ulizidi sana. Makato ni yaleyale, muda ni uleule. Walioelezwa hawakupata hata shilingi moja zaidi, walipata heshima ya kuhesabiwa kuwa watu wanaostahili kuambiwa.

Hapa mwajiri huuliza: sawa, nikimridhisha, atachapa kazi? Kwa miaka mingi wataalamu waligawanyika. Mwaka 2001 Timothy Judge na wenzake walikusanya tafiti zenye sampuli 312 na watu zaidi ya 54,000, wakakuta uhusiano kati ya kuridhika na utendaji ni kama 0.30, kwenye kipimo ambacho 0 ni hakuna na 1 ni uhusiano kamili. Upo, lakini si mkubwa kiasi kinachosemwa kwenye semina za mameneja. Ulikuwa na nguvu zaidi kwenye kazi zinazohitaji kufikiri na kuamua. Jambo la busara ni kutodhani kwamba mshale unaelekea upande mmoja. Mtu akifanya kazi ikatokea vizuri, kutokea vizuri huko ndiko kunakomridhisha. Wengi huanza na karamu za wafanyakazi ilhali vifaa ni vibovu na maagizo yanagongana, kisha wanashangaa karamu haikuzaa kitu.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halina ofisi wala kiwanda. Dan Ariely, Emir Kamenica na Dražen Prelec, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, waliwalipa wanafunzi wa chuo kuunganisha midoli ya Lego yenye vipande 40. Mdoli wa kwanza ulilipwa dola 2, na kila uliofuata ulipungua senti 11, hadi mtu mwenyewe aseme imetosha. Kundi moja lilipomaliza mdoli, uliwekwa mezani, ukasimama pale, na mwingine ukaanza. Kundi la pili lilipokabidhi mdoli na kuanza wa pili, mtafiti aliuvunja ule wa kwanza palepale mbele ya macho yao, kipande kimoja baada ya kingine, akaviweka kwenye kisanduku tayari kuwarudishia. Vidole vyako vinapachika mkono wa mdoli huu, huku upande wa pili wa meza mkono wa ule wa kwanza unang'olewa.

Malipo yalikuwa sawasawa. Kundi la kwanza liliunganisha kwa wastani midoli 10.6, la pili 7.2. La kusikitisha zaidi ni kwamba, katika kundi la kwanza, waliopenda Lego tangu mwanzo waliunganisha mingi kuliko wasioipenda. Katika kundi la pili mapenzi hayo hayakuonekana tena kwenye hesabu.

Watafiti haohao walikuwa na jaribio jingine la karatasi zilizojaa herufi, ambapo mtu alitakiwa kutafuta herufi s zinazofuatana. Kwa baadhi, mtafiti aliipokea karatasi, akaitupia jicho, akaiweka kwenye faili. Kwa wengine aliipokea bila kuitazama akaibandika juu ya rundo. Kwa kundi la tatu aliiingiza moja kwa moja kwenye mashine ya kuchana karatasi. Waliotazamwa walifanya wastani wa karatasi 9, waliochaniwa 6.3. Na wale ambao karatasi zao hazikuchanwa bali hazikutazamwa tu? Waliishia 6.8, karibu kabisa na waliochaniwa. Ajabu ni kwamba waliochaniwa wangeweza hata kudanganya, kwani hakuna aliyekagua, wakavuta pesa hadi basi. Badala yake walisimama mapema, wakasukuma kiti nyuma, wakaomba malipo yao.