"Naomba" ya Arusha na "nipe" ya Nairobi: mambo tunayodhaniana Watanzania na Wakenya

Siku yangu ya kwanza Nairobi niliingia kwenye kibanda cha chakula karibu na stendi. Nikasubiri mama mwenye jiko amalizane na mteja, nikamsalimia, nikamuuliza za tangu asubuhi, ndipo nikasema, "Naomba chai." Akaniletea ya maziwa. Nikamwambia nilitaka ya rangi. "Si ungesema strungi?" akajibu, akachukua kikombe na kugeuka. Kijana aliyeketi karibu nami alikuwa ameagiza kwa maneno matatu tu: "Nipe chapo mbili." Hakusema tafadhali wala shikamoo. Usiku nikampigia mama mdogo Arusha, nikamwambia lile tunaloambiana siku zote: Wakenya hawana adabu.

Nilikaa Nairobi mwaka na nusu, na neno lile nimelijutia.

"Wakenya hawana adabu"

Kwetu Tanzania kitenzi "kuomba" kimebeba karibu adabu yote. Naomba maji, naomba nipite, naomba nauli. Hata kondakta anayekudai haki yake anaomba. Kwa hiyo Mtanzania akisikia "nipe maji" anasikia amri, na mtu anayeamrisha watu asiowajua tunamhesabu kuwa amekosa malezi. Nairobi neno hilo halina uzito huo. "Nipe" ni kuagiza tu, na mwenye kuagiza atalipa. Anayesema "naomba" wanamsikia kama mtu anayehitaji msaada, hasa akiwa mtu mzima mwenye hela mfukoni.

Adabu wanayo, ila wameiweka mahali pengine. Msikilize Mkenya anayetaka chumvi iliyo upande wako wa meza: "Nisaidie na chumvi." Hilo "nisaidie na" ndilo "naomba" lao, na nilichukua miezi kulitambua kwa sababu sikio langu lilikuwa linasubiri neno jingine. Mwenzangu mmoja kazini, Mkamba wa Machakos, aliniambia siku moja bila kuficha kwamba salamu zangu ndefu zilikuwa zinamtia wasiwasi. "Nyinyi watu wa Bongo mnazunguka sana. Nikikuona unaniuliza za nyumbani, za watoto, za kazi, najua kuna kitu unataka." Nilichokihesabu kuwa heshima, yeye alikihesabu kuwa unafiki. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila mmoja alikuwa anampima mwenzake kwa kipimo cha kwao.

Na yule mama wa kibanda? Mshahara wangu ulipochelewa aliniandika kwenye daftari lake mwezi mzima, chai na chapati kila asubuhi, bila kujua hata jina langu la pili. Nilipokuja kumlipa alikata mstari kwa kalamu, akasema "haya" na kuendelea kukanda unga.

"Wakenya hawajui Kiswahili"

Hili tunalisema kwa kicheko, na linawaumiza watu wa Mombasa na Lamu kuliko tunavyofikiri. Muyaka bin Haji, aliyeyatoa mashairi ya Kiswahili kwenye mambo ya dini peke yake na kuyaleta barazani na sokoni, alikuwa mtu wa Mombasa. Mwana Kupona, ambaye utendi wake kwa binti yake bado unasomwa, alikuwa wa upwa wa Lamu. Kiamu na Kimvita, lahaja za Lamu na Mombasa, vilikuwa na fasihi iliyoandikwa kabla hata mipaka ya nchi zetu haijachorwa. Kiswahili sanifu kilitokana na Kiunguja, ni kweli, lakini mkutano uliokubaliana hivyo mwaka 1928 ulifanyika Mombasa.

Mtu wa Nairobi kuzungumza Sheng si ushahidi kwamba Kiswahili kimemshinda, kama ambavyo kijana wa Kariakoo anayeongea lugha ya mtaani hajasahau alichofundishwa shuleni. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wapo Wakenya wanaokichapia vibaya, wengi tu. Lakini mtu ambaye nyumbani ni Mluo, shuleni Mwingereza na sokoni Mswahili anabeba lugha tatu, na sisi tunamcheka kwa ngeli moja aliyoikosea.

Wao nao husema Watanzania hawajui Kiingereza, kwa hiyo hawakusoma. Mtanzania husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kikuu kwa Kiingereza. Anapoamua kuendesha mkutano kwa Kiswahili, mara nyingi ni kwa sababu ndiyo lugha ambayo kila aliyemo ukumbini anaielewa.

"Watanzania ni wavivu"

Nilisikia hili Nairobi zaidi ya lolote jingine, na mara nyingi kutoka kwa watu waliokuwa wakila kitunguu chetu. Nenda soko la Wakulima, lile wanaloliita Marikiti, asubuhi mapema kabla jua halijachomoza, uulize magunia ya vitunguu yametoka wapi. Utaambiwa Tanzania. Mang'ola, bonde la Ziwa Eyasi wilayani Karatu, watu wanalima vitunguu kwa maji ya chemchemi wanayoyapitisha kwenye mifereji, kwa zamu, usiku na mchana. Ikifika zamu yako saa nane za usiku unaamka na jembe na tochi, kwa sababu ukilala maji yanakwenda kwa jirani. Miche inapandikizwa mmoja mmoja, mgongo umeinama, ekari baada ya ekari. Machungwa yanayouzwa Mombasa na Nairobi nayo mengi yanatoka Muheza, Tanga. Mtu asiyekimbia barabarani kama watu wa Nairobi si lazima awe mvivu. Pengine ameshamaliza kazi yake usiku.

Dhana hizi zina historia. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 nchi mbili zilichagua njia tofauti, na huku kwetu Wakenya wakaitwa manyang'au, mabepari wanaokula wenzao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka, nao haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mpaka umefungwa alikaribia kumaliza la saba bila kumwona Mkenya akishuka basi Namanga. Alichokuwa nacho ni maneno ya wakubwa, na maneno hayo ameyarithisha.

Kuna kisa kingine pande zote mbili hukisimulia, nami nilikiamini mpaka utu uzima: kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake, Kaiser Wilhelm, mlima Kilimanjaro siku ya kuzaliwa kwake, ndiyo maana mpaka umepinda. Mstari ule ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886. Wilhelm alikuwa hajawa Kaiser; alitawazwa 1888. Mpaka ulichorwa mezani na maofisa waliokuwa wanagawana nchi za watu, na kukiita zawadi ni kukipamba kitendo kisichostahili.

"Tanzania ni amani, Kenya ni vurugu"

Hapa nazungumza kwa uzito, maana watu walikufa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa Kenya na laki kadhaa wakakimbia makwao. Sisi tuliangalia kwenye televisheni na kusema, "Sisi hatuko hivyo." Tulikuwa tumesahau Januari 2001, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji wa upinzani Zanzibar, na watu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kutoka Pemba hadi Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya. Tanzania iliyozoea kupokea wakimbizi ilitoa wakimbizi, na waliowapokea ni hao tunaowaita wenye vurugu.

Pwani hiyo Wapemba hawakuwa wageni. Wavuvi wao walikuwa wameshahamia Kwale na Kilifi miaka mingi kabla, wakaoa na kuolewa huko, wakazikwa huko, lakini watoto na wajukuu wao waliishi bila utaifa, Kenya ikiwahesabu Watanzania na Tanzania ikiwa haiwajui. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua kuwa moja ya jamii za nchi hiyo. Wazee waliozaliwa palepale walishika kitambulisho kwa mara ya kwanza, na kwa mara ya kwanza wangeweza kusajili laini ya simu kwa majina yao wenyewe.