Salme alijua kusoma kabla ya Hamburg

Nianze na jibu: hapana, Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Unguja, hakufundishwa kusoma na mume wake Mjerumani. Wiki hii nimeyasikia tena maneno hayo kwa mtu aliyekuwa akiwatembeza wageni Mji Mkongwe, na mmoja wa wageni akayaandika kwenye daftari lake. Mimi kazi yangu ni hati za zamani za mwambao, na kosa hili hunikuta karibu kila jina la Salme linapotajwa. Mzizi wake ni uleule: watu hudhani kusoma na kuandika vilifundishwa pamoja, kama shuleni kwetu leo, hivyo wakisikia hakufundishwa kuandika, huona hakujua kusoma pia.

Habari za maisha yake wengi mnazo. Alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, baba yake Sultani Seyyid Said, mama yake suria Jilfidan, Mcherkesi wa nchi za Kaukasi. Mwaka 1866 akatoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza. Mwaka 1867, huko Aden, akabatizwa na kuolewa na Rudolph Heinrich Ruete, wakaenda kuishi Hamburg. Kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, kwa jina la Emily Ruete.

Humo humo ndani ya kitabu chake ameeleza alivyosoma. Chuo, yaani madrasa ya watoto, kilikuwa baraza ya wazi, fanicha yake mkeka tu, na mwalimu mwanamke aliyeletwa kutoka Omani. Wavulana na wasichana walikaa pamoja. Walianza na herufi, wakaingia kwenye msahafu, wakasoma kwa sauti wote kwa pamoja, na vipande vingine wakavihifadhi. Kisha njia zikaachana: wavulana wakatiwa kwenye kuandika, wasichana masomo yao yakaishia hapo. Mama yake alipita njia hiyo hiyo. Aliingia kwenye nyumba ya Seyyid akiwa mtoto, akalelewa pamoja na mabinti wa Seyyid wa umri wake, na kwao akapata kusoma. Masuria wengi waliofika wakiwa wakubwa hawakutaka kukaa mkekani na watoto. Kwa hiyo msichana anayesoma pale Mtoni hakuwa kioja. Kioja kilikuwa msichana anayeandika.

Hapa ndipo ninapoomba watu watulie. Salme alijifundisha kuandika kwa siri. Aliuweka msahafu mbele yake, akachukua mfupa wa bega la ngamia, ambao Unguja ya wakati ule ndio uliokuwa ubao wa mwanafunzi, akawa anaziiga herufi moja moja. Fikiria kazi hiyo. Anayekopi msahafu ana mbele yake maandishi yaliyotiwa irabu zote, yamepangwa vizuri, na maneno yenyewe anayajua kwa moyo. Jicho tayari linaitambua herufi mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno. Kilichobaki ni mkono. Asiyejua kusoma hawezi kujifunza kwa njia hiyo, atachora tu. Yeye aliweza kwa sababu nusu ya kwanza alikwishaimaliza mkekani. Alipotaka hati yake ipendeze, alimtafuta mtumwa mmoja aliyesoma amnyooshe mkono. Siri ilipofichuka alilaumiwa sana, naye hakujali.

Na kulikuwa na sababu ya kulaumiwa. Anayesoma hupokea maneno. Anayeandika huyatuma nje ya nyumba. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipotaka kumpindua Majid, kaka yao mwingine aliyekuwa Sultani, aliyeandika barua za njama ile alikuwa Salme, binti wa miaka kama 15, kwa kuwa kalamu aliiweza. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme aliyajutia yale kwa miaka mingi.

Lakini wapo na wanaozidisha upande wa pili, wakamfanya mwanachuoni tangu utotoni. Hilo nalo silikubali. Yeye mwenyewe anasema msahafu ulisomwa bila kufafanuliwa, na maswali hayakutakiwa. Alisoma kwa ufasaha Kiarabu cha msahafu. Kuingia ndani ya maana ni jambo jingine.

Tena kuna jambo linalonisumbua. Kisa cha mfupa wa ngamia shahidi wake ni Salme peke yake, na alikisimulia akiwa mtu mzima, kwa wasomaji wa Kijerumani waliodhani mwanamke wa Unguja hajui kitu. Alikuwa na sababu ya kukipamba. Mimi namwamini, hasa kwa sababu mambo ya 1859 hayaeleweki bila kalamu yake, lakini siwezi kusema suala limefungwa.

Wala tusiifanye Mtoni kuwa mwambao mzima. Mwaka 1858, upande wa Siyu na Lamu, kaskazini mwa mwambao, mshairi Mwana Kupona binti Msham akiwa mgonjwa alimtungia binti yake utendi, na karibu na mwanzo anamwita: «Ndoo mbee ujilisi / na wino na qaratasi», yaani njoo mbele ukae, na wino na karatasi. Wino na karatasi, anaambiwa msichana! Ningependa kusema hapa tumepata binti anayeandika bila kujificha. Ila kuitisha wino na karatasi ni desturi ya watunzi wa tendi, kwa hiyo beti hilo halitoshi kuwa ushahidi kwamba binti alishika kalamu. Linaonyesha kwamba mama hakuona aibu kumwita binti na vifaa vya kuandikia, na hilo kwa Mtoni lingekuwa jambo.

Sasa, Ulaya alijifunza nini? Kijerumani, na herufi zinazokwenda kutoka kushoto. Alizijifunza akiwa mtu mzima, na mume alipofariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu wa kulea. Anasema kumbukumbu alianza kuziandika kwa ajili yao, kwa kuwa walijua kidogo mno kuhusu alikotoka. Na ndugu zake wa Unguja aliendelea kuwaandikia kwa Kiarabu, kwa mkono ule aliojizoeza kwenye mfupa.