Usiilaumu mashine kabla hujamwangalia jogoo

Kila ninapoulizwa kwa nini mayai ya kuku adimu yamegoma kuanguliwa, swali huja limejaa mashine ya kutotolesha: kipimajoto kinasoma hivi, maji yamewekwa pale, umeme ulikatika usiku ule. Mimi humuuliza mwenye mayai jambo jingine. Baba yao ni nani, na ana undugu gani na mama? Kwa kuku wa kawaida unaweza kulipuuza swali hilo, maana majogoo ni wengi na damu zimechanganyika. Kwa aina iliyobaki mikononi mwa wafugaji wachache, sababu ya kifaranga kufia ndani ya ganda mara nyingi imo bandani, na ilikuwamo wiki kadhaa kabla mashine haijawashwa.

Chukua Araucana, kuku wenye asili ya Chile wanaotaga mayai ya buluu. (Ni buluu kwelikweli: livunje ganda, utaikuta rangi hata upande wa ndani.) Wapo wenye vishungi vya manyoya vinavyochomoza pembeni mwa masikio, na mfugaji anayeanza hupenda kumpandisha tetea mwenye vishungi kwa jogoo mwenye vishungi, akitarajia vifaranga wote wawe hivyo. Jeni ya vishungi hivyo huua. Kifaranga akiipokea kwa baba na akaipokea kwa mama pia, hufia ndani, mara nyingi siku chache tu kabla ya kutoka. Robo ya mayai yenye mbegu hupotea namna hiyo hata ukitumia mashine ya bei mbaya kuliko zote. Mpandishe mwenye vishungi kwa asiye navyo: hasara hiyo inaondoka, na takribani nusu ya vifaranga bado watakuja na vishungi.

Chabo wa Japani, wale wafupi ambao miguu ni kama haipo, wana tatizo la aina hiyohiyo, ila kwao waliopokea jeni ya ufupi pande zote mbili hufa mapema, siku ya tatu au ya nne. Ukilimulika yai kwa tochi harakaharaka utadhani halikuwa na mbegu, ukamlaumu jogoo kwa uvivu ambao hana. Wyandotte nao wana lao. Upanga wao ni bapa, umelala juu ya kichwa, na jogoo aliyerithi upanga huo kwa wazazi wote wawili huwa na mbegu dhaifu. Ndiyo maana nasikitika kuona wafugaji wakichinja kila kuku wa Wyandotte anayezaliwa na upanga wa kawaida uliosimama, eti amechafua ukoo. Haendi kwenye maonyesho, sawa, lakini mwache bandani, kwa sababu kupitia yeye utapata majogoo wanaorutubisha vizuri.

Kwa kuku wenye manyoya mengi kama Cochin, Brahma na Silkie dawa yake ni mkasi: punguza manyoya yanayozunguka matundu ya nyuma ya jogoo na tetea, la sivyo mbegu haifiki.

Sasa undugu. Jogoo mmoja na matetea kumi ni kuku 11 kwa macho, lakini kwa hesabu ya urithi wana uzito wa kuku wasiofika wanne. Kila kifaranga amechukua nusu ya urithi wake kwa baba yuleyule, hivyo kizazi kinachofuata wote ni ndugu wa baba mmoja. Majogoo 3 na matetea 9 ni kuku 12 tu, wamezidi kwa mmoja, na hesabu yao inapanda hadi tisa. Ukiwa na nafasi ya kuongeza kuku, ongeza jogoo kwanza. Mimi nagawa kuku wangu katika familia tatu. Mabinti hubaki katika familia ya mama yao. Jogoo kijana anayechaguliwa huhamia familia inayofuata, kila msimu kwa kufuata mzunguko uleule. Kazi yote ni kutovunja mzunguko, hata siku jogoo mzuri kuliko wote anapotokea mahali ambapo hukumhitaji.

Mpango huo unaharibika upesi kwa jambo moja ambalo wengi hawalijui: tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini mwake, na huweza kuendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa wiki mbili hadi tatu baada ya jogoo kuondolewa. Ukibadilisha jogoo leo, mayai ya kesho ni ya yule wa zamani. Subiri wiki tatu ndipo uanze kukusanya ya kutotolesha. Mayai ya katikati hapo, kula tu.

Wazazi walishwe chakula cha kuku wazazi, si cha kutagisha. Chakula cha kutagisha kimepangwa kwa ajili ya wingi wa mayai, wala hakimhesabu kifaranga atakayejengeka ndani yake. Upungufu wa vitamini B2, kwa mfano, hujitokeza kwa vifaranga waliofia ndani wakiwa na manyoya yaliyojikunja vifundo-vifundo na vidole vilivyopinda. Anza kuwabadilishia kama mwezi mmoja kabla ya kukusanya mayai.

Kila yai naliandika kwa penseli: familia na tarehe. Nayahifadhi ncha ikiwa chini, penye nyuzi 13 hadi 18, yasizidi siku saba nikiweza. Yaliyosafirishwa hupumzika saa 12 hadi 24 kabla ya kuingia kwenye mashine.

Joto halina mjadala mrefu: nyuzi 37.5 kwa mashine yenye feni. Isiyo na feni, kama 38.3 ukipima usawa wa migongo ya mayai. Yageuze angalau mara tatu kwa siku, acha siku ya 18. Ninapotaka kukaa zaidi ni kwenye unyevu, kwa sababu hapo watu hufuata namba ya kipimo badala ya kulifuata yai lenyewe. Yai hupoteza maji kupitia vitundu vya ganda, na hadi siku ya 18 linapaswa kuwa limepoteza kama asilimia 13 ya uzito wake. La gramu 60 lifike takribani 57 siku ya saba, na 52 siku ya 18. Likikauka kidogo mno, kifuko cha hewa kinabaki kidogo, na kifaranga anayetoboa utando hukutana na maji kabla ya hewa. Likikauka kupita kiasi, utando unamnata na kumfunga asigeuke. Basi nunua mizani ndogo ya jikoni, na upunguze au uongeze maji kwa kuitazama. Kwa mayai ya kuku wa Marans utaihitaji zaidi, kwa sababu maganda yake ni ya kahawia iliyoiva kiasi kwamba tochi haipenyezi kitu cha maana. Kwa yai jeupe, siku ya saba, mwanga unatosha: doa jeusi linalochezacheza, na mishipa myekundu imetawanyika kama miguu ya buibui.

Siku ya 18 kila familia naiweka kwenye kikapu chake chenye kifuniko, unyevu unapanda hadi asilimia 65 au 70, na mlango haufunguliwi. Kifaranga kwanza hutoboa kifuko cha hewa na kuanza kupumua, ndipo adonoe ganda. Akishapata tundu anaweza kutulia hata siku nzima. Kwa nje huoni kinachoendelea, lakini ndani anavuta kiini kilichobaki kiingie tumboni, na damu iliyokuwa kwenye mishipa ya utando inarudi mwilini. Ukimsaidia wakati huo unakata mishipa ambayo bado ina kazi.

Vifaranga wakishatoka na kutiwa alama, mayai yaliyobaki siyatupi. Nayavunja moja moja, familia kwa familia, naandika: halikuwa na mbegu, amekufa wiki ya kwanza, katikati, mwishoni. Vifo vikienea kwa familia zote naikagua mashine. Vikirundikana kwa familia moja, huku za jirani kwenye trei hiyohiyo zimeanguliwa vizuri, kipimajoto sikigusi. Namhamishia jogoo wa familia hiyo kwa matetea wasio ndugu zake, matetea wake nawapa jogoo mwingine, nasubiri wiki tatu, kisha nayatia mayai ya pande zote mbili kwa siku moja. Vifo vikimfuata jogoo, hazalishi tena. Vikibaki kwa matetea, naanza kutenga mayai ya kila tetea peke yake hadi nimpate mwenye kasoro.