Minara ya Kuwait: mle ndani mna maji au ni hoteli?

Dada yetu mmoja anayefanya kazi Kuwait alituma picha kwenye grupu la familia: yeye mbele anacheka, nyuma yake ile minara mitatu ya ufukweni, miwili imebeba matufe ya buluu, wa tatu mwembamba kama sindano. Haikupita robo saa, kila mtu kawa mtaalamu. Mjomba akasema hoteli. Mwingine akasema matangi ya mafuta, "kwani Kuwait kuna nini kingine?" Nikaona bora niandike, nijibu dai moja moja.

"Ni pambo la watalii tu."

Ni minara ya maji. Ilizinduliwa mwaka 1979, na aliyeisanifu ni Malene Bjørn wa Denmark, akiwa na kampuni ya wahandisi ya Sweden iliyopewa kazi ya kuujenga mtandao wa maji wa nchi. Kampuni hiyo ilijenga pia minara 31 yenye umbo la uyoga, katika makundi matano. Kundi la sita, hili la ufukweni, ndilo lililopewa sura ya kipekee. Mradi ukapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 1980. Zile "uyoga" hakuna anayejipiga nazo picha, lakini maji mengi yamo humo.

"Basi yote mitatu ina maji."

Miwili. Ile sindano haina hata tone. Kazi yake ni kubeba taa na mitambo ya kuwamulika wenzake usiku. Mnara mkubwa, wenye mita 187, una matufe mawili. La juu ni la kutazamia mji, lipo mita 123 juu ya usawa wa bahari, na huzunguka taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 30. La chini ndilo lenye mambo: nusu yake ya juu ni ukumbi wa kulia, nusu ya chini ni tangi la maji, mita za ujazo 4,500. Kwa hiyo mjomba hakukosea sana, alikosea nusu.

"Ni akiba ya maji ya nchi nzima."

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na si kwa Kuwait peke yake. Matangi ya minara hiyo miwili yanachukua lita milioni 9, sawa na simtanki 9,000 za lita 1,000. Zinaonekana nyingi. Lakini mtu mmoja akitumia lita 200 kwa siku, zinawatosha watu 45,000, na kesho yake hakuna kitu. Nchi ina watu zaidi ya milioni 4.

Mnara wa maji kazi yake kubwa ni presha. Mwenye simtanki nyumbani anaijua siri hii. Ukiliweka tangi chini, bomba la bafuni linalia machozi. Ukilipandisha juu ya mnara wa zege, maji yanakuja kwa nguvu bila pampu. Kila mita 10 za kwenda juu zinakupa presha ya karibu baa moja, yaani kama nusu ya upepo wa tairi la gari dogo. Na kuna faida nyingine: asubuhi, mji mzima unapooga kwa pamoja, maji yanashuka kutoka mnarani, usiku watu wamelala, pampu zinajaza tena polepole. Bila mnara ungelazimika kununua pampu kubwa ya kuhimili ile saa moja ya fujo, halafu saa nyingi ipo ipo tu.

"Maji yenyewe wanachimba, kama mafuta."

Kuwait haina mto hata mmoja, na maji ya chini ya ardhi yasiyo na chumvi ni haba. Maji ya kunywa, kwa sehemu kubwa, ni ya bahari yaliyoondolewa chumvi. Mtambo wao mkubwa wa kwanza ulianza kazi mwaka 1953. Kabla ya hapo majahazi yalikuwa yakienda mto Shatt al-Arab, upande wa Iraq, na kurudi yamepakia maji ya kuuza mjini. Taifa hilohilo la mabaharia ndilo lililokuwa likitujia huku pwani na mabumu, yale majahazi makubwa, wakati wa kaskazi, yakiwa na tende, na kuondoka na kusi yamebeba boriti za mikoko za Lamu na Rufiji. Nyumba za zamani za Kuwait ziliezekwa kwa boriti hizo. Mti wao walitoa kwetu, maji walitoa Iraq.

"Ile buluu ni rangi ya kupaka."

Sogea karibu uone: ni sahani za chuma zenye enameli, kama 41,000, za rangi nane, buluu, kijani na kijivu, zimepangwa moja moja. Zinakumbusha vigae vya kuba za misikiti ya kale. Wapo wanaoona mrashi wa marashi na chetezo cha ubani pale, na mimi mtu wa pwani sina ubishi nao.

Nilipomaliza kuyatuma haya, dada yetu akarekodi sauti: "Kumbe siku ile tulikuwa tunakunywa chai juu ya tangi!"