Kutambua Mahali Ndani ya Jengo kwa Nguvu ya Wi-Fi: Dhana na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba simu hujua ilipo ndani ya jengo kwa kupima umbali wake na kila ruta, kwa kuwa mawimbi hufifia kadiri mtu anavyojitenga nayo. Mahali pa wazi hesabu hiyo inashika: umbali ukiongezeka maradufu, nguvu hupungua kwa takriban desibeli 6, yaani hubaki kama robo. Ndani ya jengo, mawimbi hupenya kuta, hugonga vyuma, kisha humfikia mpokeaji kwa njia kadhaa zinazoimarishana au kufutana. Na kwa kuwa wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5 hivi, kusogea kidogo tu hubadilisha kipimo ilhali umbali ni karibu uleule. Ramani ya nguvu za mawimbi haipigani na vurugu hiyo, bali huitumia. Kila sehemu hupimwa mapema, na mchanganyiko wa nguvu za ruta zote zinazosikika hapo huhifadhiwa kama alama ya kidole, ili baadaye simu ilinganishe inachosikia na kilichohifadhiwa. Kwa njia hii mfumo wa RADAR, uliochapishwa mwaka 2000 na watafiti wa Microsoft, ulipata kosa la kati (ambalo nusu ya makosa yote hayalizidi) la mita 2 hadi 3.

Wengine huamini kwamba vituo vya kupimia, yaani sehemu zinazopimwa mapema, vikizidi, usahihi nao huzidi bila kikomo. Vikikaribiana mno, tofauti kati yake humezwa na mtikisiko wa kawaida wa kipimo. Afadhali kila kituo kipimwe mara nyingi, mpimaji akigeukia pande zote nne, kwa sababu mwili wake wenyewe huzuia mawimbi, na uhifadhiwe mtawanyo wa vipimo badala ya wastani pekee.

Si kweli pia kwamba simu zote husoma sawa. Zikiwekwa meza moja, huweza kupishana kwa desibeli kadhaa. Hivyo ni salama zaidi kulinganisha tofauti ya nguvu kati ya ruta moja na nyingine, ambayo hupunguza upendeleo wa kifaa, yaani tabia ya simu fulani kusoma juu au chini kuliko nyingine.

Dhana yenye gharama kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba ramani ikishachorwa kazi imekwisha. Ruta huhamishwa, nyingine hujirekebishia nguvu zenyewe, makabati ya chuma huongezwa, na ramani huanza kudanganya bila kutoa ishara yoyote. Vipokezi vichache vilivyofungwa mahali pasipobadilika hugundua mabadiliko hayo mapema, na kuonyesha ni sehemu ipi inayohitaji kupimwa upya.