Chokoleti kwa mbwa ni sumu, sio aleji

Jamani hii kauli ya "mbwa wangu hana aleji na chokoleti" imenichosha. Naisikia kwa walinzi wa mahoteli, naisikia kwa wageni huko Paje na Nungwi, hata watu waliosoma wanaisema, na kila anayeisema ana ushahidi wake, ati mwaka jana alimpa kipande na mbwa hakufanywa kitu. (Na wale watakaouliza Mzanzibari na mbwa wapi na wapi, tembeeni mashamba usiku muone nani analinda.)

Maana yenyewe fupi tu. Kakao ina kitu kinaitwa teobromini, ndugu yake kafeini ya kwenye kahawa. Sisi binadamu mwili unakivunja mapema, saa 6 hadi 10 hivi nusu yake ishaondoka, mbwa nusu hiyo hiyo inamchukua karibu saa 18, kwa hiyo kinakaa humo kinamsukuma moyo na mishipa ya fahamu. Basi, ndo sumu ya chokoleti hiyo.

Sasa aleji ni habari nyengine kabisa. Aleji ni kinga ya mwili wa huyo mtu imekikosea kitu kisicho na ubaya ikakiona adui. Mnakaa sinia moja la wali na kamba, mmoja midomo inamvimba na mwili unamuwasha, nyie wengine mnaendelea kula na ukoko mnagombania. Kamba hawana kosa, mambo ni baina yake yeye na kamba, na mwenye aleji hasa hata kipande kidogo kinaweza kumletea balaa. Sumu haichagui hivyo. Inampata mbwa yeyote, awe koko awe wa kizungu, kinachoulizwa ni kala kiasi gani na yeye ana kilo ngapi. Kwa hiyo kile kipande cha mwaka jana hakikuthibitisha kitu, kilikuwa kidogo tu, na ubaya wake ndo huo manake mwenyewe anapata moyo wa kumpa kikubwa.

Kwa kawaida kutapika, kuharisha, kiu na kuhangaika huanzia kwenye miligramu 20 za teobromini kwa kila kilo ya mbwa. Ikifika 40 mpaka 50 moyo unaanza kwenda ovyo, 60 ni kutetemeka na degedege. Chokoleti ya maziwa ina kama miligramu 2 kwa gramu, nyeusi ni 5 na kuendelea, unga wa kakao ule wa kupikia keki 20 na zaidi, nyeupe karibu hamna. Piga mwenyewe: mbwa wa kilo 10 akila gramu 100 za chokoleti ya maziwa keshafika mlangoni, gramu hizo hizo za nyeusi tunazungumzia moyo. Halafu mtu anakwambia chokoleti ni chokoleti.

Na huku kwetu inavyotokea sio lazima mtu akusudie. Chokoleti ikishalainika kwa jua la pwani mgeni haitaki tena, anaitupa mchangani na karatasi yake ya bati, mbwa analamba mpaka karatasi. Kwenye mashamba ya viungo kina Kizimbani wanapasua tunda la kakao, watu wanafyonza ule utando mweupe mtamu mbegu wanatema chini, na teobromini imo kwenye mbegu.

Dalili huchelewa, huwa saa 6 hadi 12 baada ya kula, kwa hiyo akiwa mzima jioni usiseme kapona. Dawa ya kuikata sumu yenyewe hakuna, daktari wa mifugo akimuwahi ndani ya saa moja au mbili anaweza kumtapisha na kumpa mkaa wa dawa, akichelewa anabaki kutibu moyo na degedege. Maji ya chumvi ya kumtapisha mwenyewe nyumbani achana nayo, yanaweza kumuongezea sumu nyengine. Na zile piritoni watu wanazompa kwa kuwa "kapata aleji" hazigusi teobromini hata kidogo, zinakupotezea saa tu. Ukimpigia daktari neno aleji liache kwanza, mwambie kala chokoleti ya aina gani, kiasi gani, saa ngapi, na mbwa ana kilo ngapi, karatasi ikiwepo nenda nayo.