Tetekuwanga: hesabu magamba, usihesabu siku

Tetekuwanga ikiingia mtaani, swali ninaloulizwa zaidi kliniki ni hili: "Daktari, Jumatatu anaweza kwenda shule?" Huwa simjibu mzazi kwanza. Namvua mtoto shati, naangalia mgongo, kifua, hata kichwani katikati ya nywele. Kikibaki kilengelenge kimoja chenye maji, bado anaambukiza. Vyote vikikauka na kushika magamba, aende. Wengi hufika hapo siku ya 5 hadi ya 7 tangu vipele vianze, ila wapo wanaochelewa. Na madoa meusi yanayobaki hayamwambukizi mtu. Inaniuma mtoto aliyepona akirudishwa getini kwa sababu ya madoa.

Wazazi wengine hunibishia, na hoja yao ina uzito: mtoto huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya kipele cha kwanza, kwa hiyo wenzake wameshaupata, kumfungia ndani kuna faida gani? Kweli, baadhi wameshaupata, na wataanza kutoka vipele baada ya siku 10 hadi 21. Lakini si wote. Darasani anaweza kuwepo mwalimu mjamzito ambaye hakuugua utotoni, au mtoto anayetibiwa saratani. Mama akiugua siku chache kabla au baada ya kujifungua, kichanga chake kinaweza kupoteza maisha. Hao ndio ninaowafikiria ninaposema abaki nyumbani.

Kumnywesha paracetamol alfajiri ili apokelewe shuleni hakusaidii. Dawa inashusha joto tu, virusi vipo palepale. Aspirini msimpe kabisa, inaweza kumdhuru ini na ubongo. Mkateni kucha, mwogesheni kama kawaida, maana vidonda vilivyokunwa kwa kucha chafu hutunga usaha.

Najua mama mwenye genge hana likizo ya kuuguza, na siku moja bila kufungua ni siku bila mboga. Kama yupo bibi au jirani aliyewahi kuugua tetekuwanga, huyo ndiye wa kuachiwa mtoto, maana ni nadra kuupata mara ya pili. Shangazi mjamzito asiyekumbuka kama aliwahi kuugua, hapana.

Halafu mpigieni mwalimu siku hiyohiyo mkaseme ugonjwa kwa jina lake, ili kama kuna mjamzito pale shuleni awahi kliniki kabla hajatoka vipele.